Meza ya Mombasa haiwekwi ukiwa ndani ya basi

Mdogo wangu, sogea karibu nikwambie. Shule zikikaribia kufungwa, hapa Malaba wimbo ni mmoja: mwaka huu tunawapeleka watoto Mombasa. Mnahesabu nauli ya basi la usiku hadi Nairobi, mnahesabu treni, mnahesabu kiingilio cha Wild Waters pale Nyali ili watoto wakateleze majini. Chakula mnakiacha. "Tutakula huko huko." Huko wapi, mpenzi? Siku ya Krismasi Mombasa imefurika watu wa bara. Wewe umesimama mlangoni mwa mkahawa na watoto wanne wenye njaa, miguu inamuuma mama mkwe, na kijana wa mapokezi anakuuliza kwa upole kama uliweka nafasi ya meza.

Sikugombezi kwa ubaya. Sisi tumelelewa katika nyumba ambazo mgeni akibisha hodi, mchuzi unaongezwa maji na maisha yanaendelea, kwa hiyo kupiga simu kuombea watu nafasi ya kula tunaona ni maringo. Si maringo. Tamarind pale Nyali, au Ali Barbour's kule Diani ambako watu huandaliwa chakula ndani ya pango la matumbawe, viti vikiisha vimeisha. Na bei za mahali kama hapo ni za siku moja ya furaha, wala usijidanganye kwamba utazimudu wiki nzima.

Ndiyo maana nawaonya pia nyinyi waangalifu kupita kiasi, mnaotaka kuweka meza asubuhi, mchana na jioni. Bandu bandu huisha gogo, na pesa za likizo ndivyo ziishavyo. Utamu wa Mombasa mwingi hauhitaji simu: mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai mitaani, mihogo ya kukaanga na madafu pale Mama Ngina kando ya bahari jua likishuka. Chagua mlo mmoja wa heshima, basi. Huo ndio uupiganie, na uupiganie mapema, wiki kadhaa kabla.

Usiuweke usiku wa kufika. Treni ya alasiri kutoka Nairobi hufika Miritini giza limeshaingia, na kutoka stesheni hadi mjini bado ni safari. Mtoto aliyelala akiamshwa ale kamba, atalia tu, nawe utalia naye. Na kama mnakwenda Haller Park, twiga hulishwa kwa saa maalumu. Uliza saa hizo kwanza, ndipo upange chakula. Uliza pia Wild Waters kama wanaruhusu chakula cha kutoka nje. Wengi mnaona haya kuuliza, halafu mnarudi na hasira za wiki nzima, mume hasemi na mke kwa sababu ya sahani ya chipsi.

Sasa lile linaloniumiza roho: idadi. Mnasema sita, mnafika kumi na mmoja. Binamu kutoka Tororo amesikia, shangazi naye kaongezeka njiani Bungoma, na hakuna aliyethubutu kusema hapana. Kisha mama mkwe anakalishwa meza ya pembeni na wageni asiowajua. Aibu ile hatasahau, mdogo wangu, hata ukimnunulia leso tatu. Sema idadi ya kweli. Taja kiti cha mtoto mchanga, taja anayedhurika na karanga au samakigamba, taja mzee asiyeweza ngazi. Shemeji anayependa bia mwambie mapema kwamba hoteli nyingi za Mji wa Kale haziuzi pombe; na mkienda mwezi wa Ramadhani, mjue nyingi hufunga mchana.

Wakitaka malipo ya awali, usitume kwa namba ya mtu binafsi uliyopewa kwenye WhatsApp. Lipa kwa namba ya biashara yenye jina la mkahawa, utunze ujumbe wa M-Pesa, uulize pesa zinarudi vipi mtoto akiugua. Nyinyi wa upande wa Uganda, badilisheni shilingi zenu hapa hapa mpakani kwa mtu mnayemwamini, msingoje hadi bili iletwe.

Siku moja kabla, piga simu tena. Tamka jina lako polepole, wakusomee walichoandika, saa na idadi. Na binamu akikupigia jioni hiyo kusema yuko njiani na rafiki yake, mwambie kwa upendo kwamba meza imeshahesabiwa, mtaonana kesho yake kwenye mihogo.