Kwa Nini Paneli ya Wati 100 Haitoi Wati 100

Nyuma ya kila paneli ya sola kuna karatasi yenye maandishi madogo: wati, volti, ampea. Ikiandikwa wati 100, kipimo hicho kimepatikana kiwandani au maabarani, chini ya taa inayoiga jua la wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na nyuzi joto 25 za Selsiasi. Taa hiyo humulika kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Ikiachwa iwake, paneli itapata moto na kipimo kitashuka.

Kwa nini kishuke, ilhali paneli huishi kwa jua? Tuanze na seli yenyewe. Seli ni kipande chembamba cha silikoni, elementi inayopatikana kwa wingi mchangani. Ndani yake, elektroni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji hasi, zimeshikiliwa na atomi. Mwanga ukiingia, huipa elektroni nishati ya kujinasua, na pale ilipotoka hubaki pengo. Silikoni hiyo ina tabaka mbili, moja imetiwa fosforasi kidogo sana na nyingine boroni. Mpakani mwa tabaka hizo pana uga wa umeme unaosukuma elektroni upande huu na mapengo upande ule. Tukiunga waya, elektroni huzunguka kwa nje kuyarudia mapengo. Mzunguko huo ndio umeme.

Lakini si elektroni zote hufika kwenye waya. Nyingine hukutana na pengo humo humo ndani na kulijaza, nishati yake ikapotea. Seli ikipata moto, upotevu huo huongezeka na volti hushuka. Kwa seli nyingi za silikoni, kila nyuzi moja juu ya 25 huondoa takriban asilimia 0.4 ya nguvu. Seli ikifika nyuzi 60, jambo la kawaida juu ya bati mchana, zimezidi nyuzi 35: asilimia 14 imekwenda, zimebaki wati 86.

Mwaka 1989, kundi la Profesa Martin Green katika Chuo Kikuu cha New South Wales, Sydney, lilitangaza seli yenye utando usiopitisha umeme mgongoni, mahali ambapo elektroni nyingi zilikuwa zikipotea. Upotevu ukipungua, volti hupanda, na seli hulistahimili joto vizuri zaidi. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kwa kazi hiyo nzuri kuenea viwandani.

Kwa kuwa joto bado hupunguza nguvu, msomaji, mwambie fundi wako asiilaze paneli juu ya bati. Aiinue kwa vyuma, hewa ipite chini yake.