Kabla Hujaandika Nywila, Soma Anwani

Umefungua ukurasa wa kuombea kazi serikalini, au wa benki yako, nao unakutaka ujaze jina na nywila. Subiri kidogo. Tazama kwanza anwani ya tovuti.

Anwani ianze na https. Ile "s" ya mwisho maana yake mawasiliano kati ya simu yako na tovuti yamesimbwa, hivyo mtu aliyejiunga na Wi-Fi ile ile ya stendi hawezi kuisoma nywila yako ikiwa njiani. Ikiwa ni http tupu, anaweza. Tangu Julai 2018 Chrome huonya kwamba tovuti za namna hiyo si salama. Ukiona onyo hilo, usijaze kitu.

Wengi huishia hapo: wakiona alama ya kufuli, wanajaza. Matapeli wanalijua hilo. Cheti kinacholeta kufuli hupatikana bure kwa dakika chache, na tapeli naye anacho. Kufuli linakuambia njia imefungwa. Halikuambii nani yuko upande wa pili. Google wenyewe waliiondoa alama hiyo kwenye anwani za Chrome mwaka 2023, kwa kuwa watu waliielewa vibaya.

Kwa hiyo soma jina la tovuti, tena kuanzia mwisho. Baada ya https:// tafuta alama ya / inayofuata, kisha rudi nyuma. Anwani portal.ajira.go.tz inaishia na go.tz, ambayo hupewa taasisi za Serikali ya Tanzania. Lakini ajira.go.tz.maombi-mapya.com, mfano tulioutunga, ni mali ya mwenye maombi-mapya.com, go.tz ya katikati ni chambo tu. Kwenye simu anwani ndefu hukatwa, basi iguse uione yote.

Kivinjari kikilalamikia cheti, angalia tarehe ya simu. Simu iliyoisha chaji ikarudi tarehe ya zamani huona hata vyeti vizuri ni vibovu. Tarehe ikiwa sahihi na onyo bado lipo, funga ukurasa, hata kama maombi yanafungwa leo usiku.

Usiingie kwenye akaunti kupitia linki ya kundi la WhatsApp; andika anwani mwenyewe. Kama umeshajaza nywila mahali penye shaka, ibadili sasa hivi kwenye tovuti halisi, na kokote unakoitumia nywila hiyo hiyo. Ikiwa linki ililetwa kwa SMS nawe uko Tanzania, utume ujumbe huo pamoja na namba ya mtumaji kwenda 15040.