SOMO: PICHA ZA DRONI ZISITIKISIKE



Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, nyumba nyingi kando ya mto Mathare zilibomolewa. Sisi tulitaka picha za kutoka juu, zionyeshe maji yalifika wapi na nyumba ya nani ilikuwa wapi. Kijana mmoja mwenye kibali akatupigia video kwa droni. Tulipoiangalia, mabati yalikuwa yakicheza kama uji ndani ya sufuria! Mtu hangeweza kuonyesha hata mpaka wa ploti yake. Kumbe shida ilikuwa ndogo tu: panga moja la droni lilikuwa na ufa.

Kwa nini picha hucheza?
Mapanga huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Moja likiwa zito kuliko jingine, droni yote hutetemeka. Tena kamera nyingi hazichukui picha yote kwa mara moja. Huisoma mstari kwa mstari. Kabla ya mstari wa mwisho kusomwa, kamera imeshasogea. Ndiyo maana ukuta ulionyooka huonekana umepinda.

Tufanye nini?
1. Toa betri kwanza. Usiguse mapanga ikiwa ndani.
2. Pitisha kidole polepole kwenye kila panga. Lenye ufa au pengo usiligundishe na gluu, nunua jipya.
3. Zungusha kila mota kwa mkono. Ikikwaruza, ina mchanga au imechakaa.
4. Kaza skrubu zilizolegea, lakini usikaze kupita kiasi.
5. Angalia raba ndogo zinazoshika kamera. Kazi yake ni kumeza mtetemo. Zikikauka au kukatika, badilisha.
6. Toa kile kifuniko cha kuzuia kamera wakati wa safari. Wengi husahau!
7. Ruka asubuhi kabla upepo haujaamka, na uende polepole.
8. Jua likiwa kali, weka filta nyeusi mbele ya kamera, kama miwani ya jua. Hupunguza mawimbi yanayoonekana kwenye picha.

Piga video ya dakika moja, shuka, iangalie, halafu ndipo uendelee. Msitegemee kompyuta kurekebisha baadaye. Picha iliyopinda hainyooki vizuri.

Jambo la sheria
Kwa kanuni za 2020, droni husajiliwa na kupewa ruhusa na KCAA. Hapa Eastlands tuko karibu na uwanja wa JKIA na kambi ya ndege za jeshi ya Eastleigh, kwa hivyo tusibahatishe. Na majirani waelezwe mapema. Hakuna anayependa kuchunguliwa uani kwake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa wa panga ulitugharimu ushahidi wa siku nzima.

Maswali ya kujadiliana
- Kikundi chetu kinahitaji picha za nini hasa?
- Nani atakagua droni kabla ya kuruka?
- Video zikishapigwa, nani atazitunza?