Somo: Kung'arisha Gari la Chama Mahali Pasipofikika kwa Urahisi

Madhumuni ya somo hili ni kuwawezesha makatibu, wajumbe wa kamati na wanachama kuelewa kwa nini sehemu za gari zilizojificha ndizo zinazoharibika mapema, na jinsi mfanyakazi anavyoweza kuzifikia bila kuumia.

1. Mahali uharibifu unapoanzia

Gari la chama hununuliwa kwa fedha zitokanazo na jasho la wakulima. Likikwama gereji wakati wa msimu wa ununuzi, mazao hulala ghalani na malipo ya wanachama huchelewa. Kwa hiyo utunzaji wa gari ni jambo la kila mwanachama, wala si la dereva na utingo peke yao.

Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na hewa. Chumvi huzidisha kasi ya kutu, na ndiyo sababu magari ya pwani huliwa upesi kuliko ya bara. Mbolea ya chumvichumvi, kama salfeti ya amonia, nayo hula chuma ikimwagika na kupata unyevu. Tope lililoganda ndani ya madigadi hufanya kazi kama sifongo: hushika maji siku nyingi baada ya mvua kukatika.

Boneti na milango hufutwa kila mara kwa kuwa mkono huzifikia bila taabu. Katikati ya paa, chini ya vizingiti vya milango, nyuma ya bampa, ndani ya madigadi na kwenye nafasi iliyo kati ya kichwa cha lori na bodi, mkono haufiki kwa raha. Huko tope hubaki, na kutu huanza kazi yake.

Mfano mzuri ni Land Rover za zamani, zilizoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya vita, bodi yake ilitengenezwa kwa aloi ya aluminiamu, ambayo haishiki kutu ya chuma. Lakini chasisi yake ilikuwa ya chuma. Yamkini gari la namna hiyo likang'aa juu kama jipya, huku chasisi imeoza kiasi cha kutobolewa kwa bisibisi. Mng'ao wa nje si ushahidi wa uzima wa gari.

2. Kanuni kuu: mwili usogee, mkono usinyooshwe kupita kiasi

Mfanyakazi anayejinyoosha hadi ncha za vidole hana nguvu ya kusugua. Hugusa tu na kupita. Tena huchoka mapema, huumwa mgongo, na aghalabu huanguka. Dawa yake ni kuusogeza mwili karibu na kazi.

(a) Sehemu za juu. Mtu asisimame juu ya gurudumu, bampa wala boneti, kwani sabuni huzifanya ziteleze. Fundi seremala wa kijijini anaweza kutengeneza benchi imara lenye miguu iliyotanuka na ubao mpana wa kukanyagia. Kwa pikapu, kimo cha nusu mita chatosha. Paa ligawanywe mafungu manne, na benchi lihamishwe kwa kila fungu. Kipimo ni hiki: kitovu cha mfanyakazi kisipite ukingo wa benchi. Kikipita, ashuke alisogeze. Kwa paa la lori, kitambaa laini kifungwe kwenye kibao bapa kilichopigiliwa mpini mrefu, ili katikati ya paa pafikiwe bila kupanda juu yake.

(b) Sehemu za chini. Kuinama kutoka kiunoni kwa muda mrefu huumiza mgongo. Mfanyakazi akae juu ya kigoda kifupi, au apige goti juu ya gunia lililokunjwa, uso wake ukiwa sawa na mahali anapopasugua. Abadilishe mkono mara kwa mara.

(c) Ndani ya madigadi. Usukani ukizungushwa hadi mwisho upande mmoja, gurudumu la mbele hugeuka na kuacha nafasi ya mkono na brashi. Ukizungushwa upande wa pili, sehemu iliyobaki hufunuka.

(d) Pembe na mianya. Mswaki uliochakaa husafisha bawaba, kingo za taa na mishono ya bodi, ambamo polishi hukauka na kuacha weupe. Kitambaa kilichozungushiwa kijiti bapa huingia nyuma ya vitasa. Matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya milango yazibuliwe kwa kijiti, si kwa msumari, maana msumari hukwaruza rangi.

(e) Chini ya gari. Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe na magurudumu yawekewe magogo. Ni mwiko mtu kuingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki pekee. Tope la chini litolewe kwa maji na brashi ya mpini mrefu, au gari lipelekwe kwenye shimo la gereji.

3. Utaratibu wa kazi

Kazi ifanyike kivulini, bodi ikiwa imepoa. Gari lioshwe kuanzia juu kwenda chini na kukaushwa, kwani polishi ikipakwa juu ya mchanga hukwaruza rangi. Polishi ipakwe sehemu ndogo ndogo, na kila sehemu isuguliwe hadi ing'ae kabla ya kuhamia nyingine.

Ieleweke kwamba polishi haiponyi kutu. Faida yake ni mbili: huikinga rangi iliyo nzima, na humlazimu mtu kuipitia bodi yote kwa mkono wake. Rangi iliyovimba kama lengelenge, mkono huitambua kabla ya jicho. Hapo pakwanguliwe, pasuguliwe kwa msasa, na pakaushwe. Kisha papakwe rangi ya msingi na rangi ya juu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

4. Wajibu wa kila mmoja

Kamati iidhinishe benchi, kigoda, brashi na vitambaa. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ya kuchomelea bodi iliyotoboka. Katibu aandike katika daftari la gari tarehe ya kazi, sehemu zilizosafishwa na kasoro zilizoonekana. Dereva na utingo wapewe muda wa kutosha, maana kazi ya haraka huishia boneti. Mfanyakazi akivunjika mguu kwa kukosa benchi, chama hakiwezi kusema kimebana matumizi.

Maswali ya kujadiliwa

1. Gari la chama chetu liliangaliwa lini mara ya mwisho ndani ya madigadi na chini ya vizingiti?

2. Anayelisafisha husimama juu ya nini anapofikia paa?

3. Mbolea ikimwagika ndani ya bodi, ni nani hupaswa kuiosha, na kwa muda gani?

4. Daftari la gari huonyesha kasoro ndogo, au huandikwa matengenezo makubwa tu?