Chekechea Bila Moshi: Ya Kufanya na Kutofanya, Lodwar na Kakuma

USIJENGE jiko upande unakotoka upepo. Upepo wa Turkana mara nyingi huvuma kutoka kusini-mashariki, ukipenya kati ya milima ya Ethiopia na ya Kenya, kwa hiyo jiko likae magharibi au kaskazini-magharibi mwa darasa, na mlango wake usitazame dirisha la watoto. Kama huna hakika, simama uwanjani asubuhi uji unapoanza kuchemka, uachie mchanga kidogo mkononi, utazame unakoelekea. Kamati ya shule itasema mahali pa jiko palishachaguliwa. Waulize kama walitazama upepo au walifuata tu lilipo tangi la maji.

KAUSHA kuni. Kuni mbichi za mathenge hufuka kutwa nzima, na mpishi akikohoa, ujue darasa nalo limeshapata lake. Zipasuliwe nyembamba, zipangwe juu ya mawe chini ya paa. Kuni za mgao Kakuma nazo zisiingie mekoni siku ileile ziliposhushwa kwenye lori.

USIINGIZE jiko la makaa darasani, hata la kupashia uji tu, hata kama halitoi moshi. Hilo lisilotoa moshi ndilo baya zaidi. Makaa hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtoto anasinzia, mwalimu anadhani ameshiba.

USIFAGIE watoto wakiwa ndani. Mtoto wa miaka minne hupumua zaidi ya mara 20 kwa dakika, kasi kuliko wewe, naye ameketi mkekani, pua yake karibu na sakafu. Watoe nje kwanza. Nyunyiza maji, fagia, ngoja vumbi litue, kisha waite. Najua maji ni ya shida. Yale waliyonawia mikono yanatosha. Mkeka ukung'utwe nje, upande upepo unakoelekea.

FUNGUA madirisha. Mabati yaliyozibwa kwa magunia kuzuia vumbi hufungia ndani pumzi za watoto wote, na kifua kikuu hakihitaji mwaliko mwingine. Dhoruba ya vumbi ikija, funga; ikipita, fungua mara moja.

USICHOME taka saa za masomo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya 28 Agosti 2017, lakini chupa bado zinaungua nyuma ya vyoo vya shule, na moshi wake una sumu.

Koili ya mbu: hapana. Pikipiki inayonguruma chini ya dirisha: hapana.

ANDIKA barua ya kuomba jiko lenye bomba la moshi. Tangu ugatuzi wa 2013, chekechea za umma ziko chini ya kaunti, basi ya Lodwar iende huko. Ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma iende kwa shirika linaloendesha shule. Tajeni idadi ya watoto, umbali wa jiko hadi darasani kwa hatua, na watoto wenye pumu ni wangapi. Bakini na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.