SOMO LA ROBO HII: ZIWA CHALA, MASIMULIZI NA MAJI

Ziwa Chala liko mashariki ya Mlima Kilimanjaro, na mpaka wa Tanzania na Kenya unapita katikati yake. Vikundi vingi hupenda kulitembelea. Kabla ya kukodi gari, tujifunze pamoja.

1. Wazee wanasimulia nini?
Wanasema hapo zamani palikuwa na kijiji. Kijiji kikazama pamoja na watu na mifugo, na ukitulia ukingoni utasikia ng'ombe wakilia chini ya maji. Tusiharakishe kucheka. Simulizi kama hii humfundisha mtoto kwamba mahali hapa si pa kuchezea. Mwezi Machi 2002 msichana kutoka Uingereza aliuawa na mamba akiogelea upande wa Kenya. Basi, kikundi kikifika, kisiogelee, na kiwasikilize wenyeji.

2. Wataalamu wanasema nini?
Ziwa limejaa ndani ya kasoko ya volkano, na kina chake ni kama mita 90. Hakuna mto mkubwa unaoingia. Maji yake mengi ni mvua inyeshayo kwenye msitu wa Kilimanjaro, ikazama ardhini na kutokea ziwani kwa njia ya chini. Mwaka 2016 watafiti walichimba matope ya sakafu ya ziwa hadi mita 214. Matope hayo yametunza kumbukumbu ya mvua na ukame kwa miaka ipatayo 250,000.

3. Hayo yanatuhusu nini?
Anayekata msitu juu mlimani anagusa maji ya jirani aishiye tambarare kavu, ingawa hawajaonana. Vilevile ziwa lina aina ya perege asiyepatikana kwa asili mahali pengine duniani, naye yuko hatarini kutoweka. Samaki wa aina nyingine waliletwa humo na watu. Kwa hiyo tusipeleke samaki wala mimea ya kigeni ziwani, na takataka zetu turudi nazo nyumbani.

Maswali ya kujadili katika kikundi
a) Ni simulizi gani za kwetu zinazolinda chemchemi au msitu? Nani anazijua, na nani amewahi kuziandika?
b) Maji tunayokunywa yanatoka wapi? Nani yuko juu yetu, na nani yuko chini yetu?
c) Tutafanya nini kabla ya mvua za masika, na nani atasimamia?