Lenzi za Machoni Zinapoacha Kutengenezwa

Mgonjwa aliyezoea lenzi za aina moja kwa miaka mingi huenda siku moja akaelezwa na muuzaji kwamba kiwanda kimeacha kuzitengeneza. Hatari huanzia hapo. Wapo wanaoendelea kuvaa jozi ya mwisho kupita muda wake, na wapo wanaonunua aina yoyote yenye nguvu ileile. Njia zote mbili zinaweza kusababisha kidonda cha konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ambacho hata kikipona huweza kuacha kovu linalofifisha uoni.

Kwanza, boksi la zamani litunzwe. Juu yake huandikwa nguvu ya lenzi kwa dayopta, pamoja na mbinuko wa ndani na kipenyo kwa milimita. Hata hivyo, lenzi mbili zenye tarakimu zilezile zaweza kukaa tofauti machoni, kwa kuwa malighafi, unene na kingo zake hutofautiana. Kwa sababu hiyo, mbadala hujaribiwa jichoni kabla ya kuagizwa.

Pili, cheti cha miwani pekee hakitoshi. Miwani yenye nguvu ya -8.00, ikikaa milimita 12 mbele ya konea, hulingana na lenzi ya takriban -7.25.

Mhudumu aiache lenzi ya majaribio itulie kwa dakika 15 hadi 20, kisha achunguze kama imekaa katikati na kama husogea kidogo mgonjwa anapopepesa. Lenzi inayobana huzuia machozi mapya kupita chini yake. Iliyolegea mno hukera jicho na kuyumbisha uoni. Mwenye keratokonasi, ambaye konea yake imechongoka mfano wa pia, apewe rufaa kwa mtaalamu wa lenzi ngumu. Lenzi hizo huchongwa kwa vipimo vya jicho husika, hivyo vipimo hivyo viandikwe pia kwenye kadi anayokaa nayo mwenyewe.

Mbadala ukiwa bado haujapatikana, vaa miwani. Usioshe wala kuhifadhi lenzi kwa maji ya bomba au ya kunywa, kwani yanaweza kubeba amiba wanaoshambulia konea. Ukipata maumivu, wekundu, kuumizwa na mwanga au ukungu machoni, vua lenzi na ufike hospitali siku hiyohiyo, ukiwa na lenzi hizo na kikasha chake. Kuvumilia miwani kwa wiki chache ni afadhali kuliko kupoteza jicho.